Kibaba cha mfuto, kikombe cha tele: Unga wako una gramu ngapi?

Usiku wa kuamkia Idi, duka la mtaani kwetu Tanga huwa na foleni ndefu kuliko ya benki mwisho wa mwezi. Mwaka jana nilijikuta nyuma ya kijana mmoja aliyeshika karatasi yenye majina matano: baba, mama, mke, yeye mwenyewe na mtoto mchanga.

"Ami, nipimie pishi tano za mchele."

Mwenye duka akainua uso kutoka kwenye mizani yake. "Pishi sina, mwanangu. Hapa nauza kwa kilo. Nikutilie ngapi?"

Kijana akageuka kututazama sisi tuliokuwa nyuma yake, na hapo baraza likafunguka. Mzee mmoja akasema pishi ni kilo mbili na nusu, kwa hiyo kilo kumi na mbili na nusu zinamtosha. Mama mwenye kikapu akasema msikitini kwao wametangaziwa kilo tatu, na heri kuzidisha kuliko kupunguza. Mwenye duka akabonyeza kikokotoo chake: kwa hesabu ya mzee ni kilo 12.5, kwa hesabu ya mama ni kilo 15. Baina yao kuna kilo mbili na nusu, yaani fungu kamili la mtu wa sita ambaye hayumo kwenye karatasi.

Kijana akafikiri kidogo, akasema apimiwe 15. "Atakayekula ni maskini, si mimi," akatwaa mfuko wake, akaenda zake.

Nilirudi nyumbani na unga wangu wa mahamri huku nikiwaza kwamba wale wawili hawakuwa na sababu ya kubishana, maana kila mmoja alikuwa na haki yake. Pishi ni chombo, na kilo ni uzito. Anayetaka kutoka kwenye chombo kwenda kwenye uzito lazima kwanza aulizwe: umetia nini ndani yake, na umekitia vipi?

Chombo hakijui uzito

Zaka ya Fitri, ile sadaka ya chakula ya Idi aliyokuja kuinunua yule kijana, ilikadiriwa tangu mwanzo kwa ujazo. Kipimo chake ni saa moja ya chakula kwa kila mtu (saa hii ni jina la chombo, si ya majira), na saa ni mudi nne. Mudi nayo ni ujazo wa viganja viwili vilivyounganishwa vya mtu wa wastani. Watu wa pwani yetu walikuwa na mpangilio unaofanana na huo: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, kwa hiyo pishi moja ni vibaba vinne. Pishi ikakaa mahali pa saa, kibaba mahali pa mudi, na mambo yakaenda sawa kwa karne nyingi kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na kibaba chake.

Tatizo limekuja baada ya vibaba kupotea na mizani kubaki. Chombo kinajali nafasi tu. Ukikijaza tende kitakuwa na uzito wake, ukikijaza shayiri kitakuwa na mwingine, na ukikijaza mchele mwingine tena. Ndiyo sababu wanaogeuza pishi kuwa kilo hawakutani kwenye namba moja: wengi hutaja kilo 2.5, na wapo wanaokaribia 3. Hukumu yake nawaachia wenye elimu yao. Mimi nimekuja na bakuli la unga.

Anayedhani mambo haya yalikwisha zama za mababu na avuke bahari aende Pemba msimu wa karafuu. Mchumaji anayeshuka mkarafuuni hulipwa kwa pishi za karafuu mbichi alizochuma. Karafuu zilezile zikishaanikwa na kukauka, mwenye shamba huzipeleka kituoni kuuza kwa kilo. Zao moja lina vipimo viwili, na baina yake kuna jua la siku kadhaa linalonyonya maji. Mwenye shamba asiyejua pishi zake mbichi zitazaa kilo ngapi kavu hawezi kujua kama msimu umemlipa.

Na mwenye kupika asiyejua kikombe chake cha unga kina gramu ngapi hawezi kujua kwa nini mahamri ya leo yametuna na ya juzi yalikuwa magumu kama kisigino.

Wazee walikuwa na maneno yake

Kiswahili cha zamani hakikuridhika kusema "kibaba" pekee. Mwenye kununua nafaka alitakiwa kueleza: kibaba cha mfuto au kibaba cha tele? Cha mfuto ni kile kilichopitishiwa mkono au kijiti juu yake hadi nafaka ikawa sawa na ukingo. Cha tele ni kile kilichoachwa na mlima wake. Bei zake zilikuwa mbili, na ugomvi mwingi ulimalizwa kwa neno moja.

Leo tunasema "kikombe kimoja cha unga" na kunyamaza. Neno la mfuto limetutoka, na ugomvi wake umehamia kwenye karai.

Kwa Wamarekani, aliyelitengeneza jambo hili alikuwa mwalimu wa upishi wa Boston, Fannie Farmer. Mwaka 1896 alitoa kitabu cha shule yake ya upishi. Mchapishaji hakukiamini sana, akakubali kuchapa nakala 3,000 tu, tena kwa gharama za mwandishi mwenyewe. Kabla yake, vitabu vya mapishi vilijaa lugha ya kukisia: siagi kiasi cha yai, unga wa kutosha, chumvi kidogo. Farmer akashikilia kwamba kikombe kiwe cha kipimo maalumu, na kijazwe kisha kisawazishwe kwa kisu. Kwa maneno mengine, aliwafundisha wenzake kibaba cha mfuto. Kitabu kiliuzwa sana, na tangu hapo jiko la Marekani limebaki la vikombe hadi leo, wakati majiko mengi ya Ulaya yanatumia mizani.

Sisi tuko katikati. Tunanunua unga kwa kilo, tunaupika kwa vikombe, na mapishi tunayaona kwenye simu kutoka kila pembe ya dunia.

Kikombe cha nani?

Hapo ndipo tatizo la pili linapoingia. Hata ukisawazisha kama Farmer, kikombe chenyewe si kimoja.

Kikombe cha vitabu vya Marekani kina mililita 237. Cha Australia kina 250, na ndicho kilichoandikwa kwenye vipimo vingi vya plastiki madukani. Vitabu vya zamani vya Uingereza, vile ambavyo bado unaweza kuvikuta kwenye kabati la mwalimu mstaafu wa sayansi kimu, vilitumia nusu painti, yaani mililita 284. Kikombe cha Japani kina 200. Kijiko kikubwa nacho ni mililita 15 karibu kote, isipokuwa Australia ambako ni 20. Kijiko cha chai ndicho kilichotulia: mililita 5.

Halafu kuna kikombe cha nyumbani kwako, kile cha maua kinachonywewa chai. Hakikutengenezwa kupimia chochote. Nilipima vitatu vya kabatini kwangu: kimoja kilibeba mililita 180, cha pili 210, na kile kikubwa cha uji 340. Anayefuata maelekezo ya "vikombe vinne vya unga" kwa kikombe cha uji, kisha akaweka tui kwa kikombe cha maua, asimlaumu mwenye kutoa maelekezo.

Kuna njia rahisi ya kukijua kikombe chako, na inatokana na historia ya kilo yenyewe. Wafaransa walipoweka vipimo vipya mwaka 1795, waliieleza gramu kwa maji: uzito wa sentimita moja ya ujazo ya maji baridi. Tangu Mei 20, 2019, kilo inaelezwa kwa kanuni ya fizikia badala ya kitu cha kushikika, lakini kwa mpishi ndoa ile ya mwanzo haijavunjika: mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja. Weka kikombe kitupu kwenye mizani, rudisha sifuri, kijaze maji hadi pale unapojazia siku zote. Namba utakayoisoma kwa gramu ndiyo mililita za kikombe chako. Huhitaji kumuuliza mtu.

Unga mmoja, uzito mara tatu

Maji ni kitu cha uaminifu. Unga si hivyo.

Jumamosi iliyopita nilichukua kikombe cha kupimia cha mililita 250, mizani ndogo ya betri na paketi mpya ya unga wa ngano. Mara ya kwanza nilichekecha unga kwenye sinia, nikautia kikombeni kwa kijiko bila kuugandamiza, nikapitisha mgongo wa kisu juu. Mizani ikasoma gramu 126.

Mara ya pili nilifanya kama tunavyofanya wengi: nikakizamisha kikombe ndani ya paketi, nikakitoa kimejaa, nikakata mlima kwa kisu. Gramu 151.

Mara ya tatu nilichota vilevile, nikakigonga kikombe mezani mara kadhaa kama afanyavyo mama anayetaka "kijae vizuri", nikaongeza unga pale uliposhuka, nikasawazisha. Gramu 170.

Kikombe ni kilekile, paketi ni ileile, mkono ni uleule. Tofauti ni hewa. Unga ni chembe ndogo sana zilizopangana na nafasi baina yake. Ukiuchekecha unaingiza hewa, ukiugonga unaitoa. Paketi iliyosafiri ndani ya lori kutoka kiwandani imekwisha gongwa njia nzima kabla hujaifungua. Na kwetu pwani, unga ulioachwa wazi hunyonya unyevu na kushikana.

Sasa zidisha kwa nne, maana mahamri ya nyumbani kwetu huanza na vikombe vinne. Kwa mkono wa kwanza umetia gramu 504. Kwa mkono wa tatu umetia 680. Umeongeza gramu 176, ambazo ni zaidi ya kikombe kizima kingine, na wewe unaapa kwamba umefuata kipimo. Tui halikuongezeka, ni mililita 260 zilezile. Donge la kwanza lina tui kama 52 kwa kila 100 za unga: laini, linanata kidogo, likipumzika linaumuka na kujaa bakuli. Donge la pili lina 38 kwa 100. Hilo utalikanda hadi mabega yaume, halitaumuka sawasawa, na kwenye mafuta litabaki bapa.

Hapo ndipo hulaumiwa hamira. Mimi mwenyewe nimewahi kutupa pakiti mbili za hamira zisizo na kosa lolote.

Jedwali la kuanzia

Ukitaka kugeuza mapishi ya vikombe kuwa ya gramu, kanuni ni moja: ujazo mara densiti. Densiti ni uzito wa mililita moja ya kitu hicho. Maji ni 1. Mafuta ya kupikia ni kama 0.92, ndiyo maana yanaelea juu ya maji. Maziwa ni 1.03. Asali ni kama 1.42, ndiyo maana inazama. Vimiminika havina hila ya hewa, kwa hiyo namba zake unaweza kuziamini popote. Vitu vya unga na punje ndivyo vinavyotaka tahadhari.

Kwa kikombe cha mililita 250, cha mfuto, makadirio ya kuanzia ni haya:

- Unga wa ngano uliotiwa kwa kijiko: gramu 125 hadi 130
- Unga wa ngano uliochotwa kwa kuzamisha kikombe: gramu 150 au zaidi
- Sukari nyeupe: gramu 210
- Mchele mbichi: gramu 200
- Kakao ya unga: gramu 90 hadi 100
- Siagi au majarini: gramu 240
- Mafuta ya kupikia: gramu 230
- Maziwa: gramu 257
- Asali: gramu 355
- Chumvi laini: gramu 300

Tazama unga na asali: kikombe kilekile, lakini asali ina uzito wa karibu mara tatu. Anayekuambia "kikombe ni gramu 250" bila kuuliza kikombe cha nini anakupa maji kwa jina la kila kitu.

Tazama tena sukari. Punje zake ni ngumu na zimelingana, hazibebi hewa ya kuongezeka na kupungua, kwa hiyo mtu akipima sukari kwa kikombe hakosi sana. Chumvi ni jambo jingine. Kijiko cha chai cha chumvi laini ya pakiti ni kama gramu 6. Kijiko hichohicho cha chumvi ya mawe hubeba pungufu, kwa kuwa mawe yake yanaacha mianya. Mtu anayehama kutoka chumvi ya mawe kwenda laini kwa vijiko vilevile anakoleza bila kujua. Na hili lina uzito wake nje ya ladha: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo hazifiki hata kijiko kimoja cha chai kilichojaa sawasawa.

Hamira nayo: pakiti nyingi za madukani mwetu ni za gramu 11, ilhali mapishi ya Marekani yanaposema pakiti moja yanakusudia gramu 7. Ukimimina pakiti nzima kwenye unga wa nusu kilo siku ya joto la Tanga, donge litaumuka upesi kupita kiasi na kubaki na harufu ya hamira.

Mayai pia yana uzito. Yai la kuku wa kisasa, bila ganda, ni kama gramu 50. La kienyeji ni dogo zaidi. Keki ya mayai manne ya kienyeji inaweza kukosa yai zima kwa uzito. Wapishi wa zamani wa Ulaya walilitatua hili kwa njia nzuri: Waingereza wana keki iliyopewa jina la ratili kwa kuwa ilikuwa na ratili moja ya unga, moja ya sukari, moja ya siagi na moja ya mayai. Wafaransa wana dada yake, wanaiita robo nne. Unapima mayai uliyonayo, kisha kila kimoja cha vile vitatu unakipima kilingane nayo. Keki ya namna hiyo haihitaji kitabu.

Waoka mikate wanahesabu kwa mia

Nenda alfajiri kwenye kiwanda chochote cha mikate, hutakuta kikombe. Utakuta mizani, na hesabu inayoanza na unga. Unga wote huitwa 100, na kila kingine hutajwa kwa kuulinganisha nao: maji 60, chumvi 2, hamira 1. Ukiwa na unga wa kilo 50, maji ni kilo 30 na chumvi kilo 1. Ukiwa na nusu kilo, maji ni gramu 300 na chumvi gramu 10. Kipimo kinakua na kupungua bila kupoteza sura.

Hesabu hiyo inafaa hata kwa mama anayekaanga mahamri barazani. Chukua unga kilo 1, sukari gramu 200, majarini gramu 50, hamira pakiti moja ya gramu 11, iliki ya kusaga, na tui la uzito wa gramu 520. Jumla ni donge la karibu gramu 1,780. Likate mafungu ya gramu 200, kila fungu lisukume duara na ulikate mara nne. Kila hamri ni la gramu 50, na utapata kama 35. Leo 35, kesho 35, keshokutwa 35. Sasa unajua kila moja limekugharimu kiasi gani kabla hujapanga bei, na mteja wa Jumatatu hatalalamika kwamba la Ijumaa lilikuwa kubwa zaidi. Akija mtu wa harusi anayetaka 350, zidisha kila kitu kwa 10. Kwa vikombe, kosa la gramu 40 kwa kila kikombe lingezidishwa nalo.

Pale kikombe kinapotosha

Sitaki nisomwe vibaya. Kuna mambo ambayo mizani haina kazi.

Wali hauhitaji gramu. Ukipima mchele kwa kikombe fulani na maji kwa kikombe hichohicho, ukubwa wa kikombe haujalishi, kwa sababu unachokitafuta ni uwiano. Kikombe cha maua, cha uji, hata kifuu cha nazi, vyote vitaleta wali uleule mradi hukubadilisha katikati ya safari. Pilau hivyo hivyo. Na yule anayetumbukiza kidole ndani ya sufuria na kusoma maji kwa pingili ya kwanza ana kipimo chake, na wali wake umesimama miaka yote.

Ugali unapimwa na mwiko. Mchuzi unapimwa na ulimi. Binzari na pilipili manga huwezi kuzipima vizuri kwa mizani ya kawaida ya jikoni, maana nyingi huyumba chini ya gramu mbili au tatu. Hapo kijiko cha chai ni hakika zaidi.

Mizani ina kazi pale ambapo huwezi kurekebisha baadaye. Mchuzi ukizidi chumvi utaongeza tui. Keki ikishaingia ndani ya moto, iwe jiko la umeme au sufuria yenye makaa juu na chini, imekwisha. Keki, mkate, biskuti, mahamri na halwa ndiyo mambo ya mizani.

Kutoka sokoni hadi jikoni

Mpishi anayepima kwa gramu hubadilika hata akiwa sokoni. Ataanza kuliangalia kopo la muuzaji kwa jicho jingine. Kote Afrika Mashariki bado tunauziana kwa vyombo: debe, kisado, kopo, na kwa Wakenya gorogoro, lile kopo la kilo mbili la mafuta ya kupikia. Debe lenyewe lilianza kama bati la mafuta ya taa la galoni nne, yaani lita 18 na ushei. Wapo wauzaji wanaolibonyeza kopo kitako likaingia ndani, na wapo wanaozungushia viganja ukingoni ili mlima uonekane mkubwa, kisha kabla ya kumimina mfukoni hurudisha nusu yake guniani. Na wapo waaminifu, tena wengi, wanaoongeza konzi moja bila kuombwa.

Kwa mkulima mambo hugeuka: mnunuzi ndiye anayeleta chombo. Lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba cha viazi au vitunguu juu yake, si kitu kingine ila kibaba cha tele kinacholipwa bei ya kibaba cha mfuto. Wakala wa Vipimo nchini Tanzania amekuwa akiwahimiza wakulima miaka mingi wauze kwa mizani. Mizani haina kilemba.

Jioni moja ya kazi

Mtu anayetaka kugeuza mapishi yake asikimbilie kwanza majedwali ya wengine, hata hili langu. Hakuna jedwali linaloujua mkono wako. Fanya hivi:

Pata mizani ndogo ya jikoni. Ihakikishe kwa kuiwekea chombo, kurudisha sifuri, kisha kumimina lita moja ya maji. Isome kilo moja au karibu yake sana. Iweke mahali tambarare, mbali na feni, maana upepo huichezesha.

Jua kitufe kilichoandikwa TARE. Neno hilo limepita Ulaya, lakini asili yake ni Kiarabu, tarha, kitu kilichotolewa. Kinatoa uzito wa bakuli. Weka bakuli, bonyeza, tia unga hadi 500; bonyeza tena, tia sukari hadi 100; bonyeza, mimina tui hadi 260. Umepika kwa bakuli moja bila kuchafua kikombe wala kijiko.

Kisha chukua kikombe kile unachokitumia siku zote, hata kama kimepasuka mkono. Chota unga kama unavyochota siku zote, usijirekebishe kwa kuwa umesoma makala hii. Pima. Rudia mara tatu, tafuta wastani. Hiyo ndiyo gramu ya kikombe chako kwa mkono wako, na ndiyo mapishi yako halisi. Mahamri yako mazuri yalitoka hapo. Fanya hivyo kwa sukari, kwa unga wa mchele wa vitumbua, kwa nazi. Ziandike namba kwa kalamu ya wino ndani ya mlango wa kabati, mahali ambapo hazitapotea na simu.

Na kama mama au bibi yako bado yupo na bado anapika kwa kikombe chake, usimfundishe gramu. Kaa karibu naye na mizani. Kila anapochota, kabla hajamimina, mwombe kikombe kwa adabu, kipime, umrudishie. Atakucheka kidogo. Vumilia. Siku kikombe hicho kitakapovunjika, ladha yake itakuwa imebaki kwenye karatasi: unga gramu kadhaa, sukari gramu kadhaa, tui gramu kadhaa, na jina lake juu.